Mkato kwenye vivumishi na vielezi vya Kiingereza: ufuate pumzi, "and", kugeuza nafasi au ngazi?

Huku kusini Kiingereza si cha mtihani peke yake. Anayeuza vinyago Mtwara mjini anataka lebo ambayo mgeni ataielewa. Mwenye nyumba ya wageni Mikindani anataka tangazo, kijana anayewatembeza watu Kilwa Kisiwani anataka kipeperushi, na anayetafuta soko la korosho nje anaandika barua pepe ambayo mnunuzi anapaswa kuielewa kwa kuisoma mara moja. Katika maandishi ya namna hii, tahajia siku hizi husahihishwa na simu. Kinachobaki kuwatesa watu ni mkato: uwekwe wapi vivumishi vinapofuatana, na uwekwe au uachwe kielezi kinapoingia.

Vipo vipimo vinne ambavyo watu hutumia kuamua, na havina uzito sawa. Nimeviweka kimoja kando ya kingine, kwa mifano ya huku kwetu, ili uchague cha kushika. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa vivumishi, shika kugeuza nafasi. Kwa vielezi, uliza kielezi hicho kinasemea neno lipi. Vipimo vingine ni vya kusaidia.

Pumzi

Hiki ndicho kinachotumiwa zaidi, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa mkato wa Kiswahili: ni alama ya pumziko fupi. Soma kwa sauti, ukituama weka mkato. Kwa Kiswahili kinatosha mara nyingi. Kwa vivumishi vya Kiingereza kinakuangusha, kwa sababu mkato wa pale hauonyeshi pumzi, unaonyesha uhusiano wa maneno. Mtu anaweza kutamka "a large wooden door" polepole, akituama baada ya kila neno, na bado mkato usiwe na nafasi. Anaweza kutamka "a long, dusty road" kwa mkupuo mmoja na mkato ukabaki palepale.

Kuna na jambo la masikio yetu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, neno baada ya neno, kwa hiyo tukisoma Kiingereza kwa mwendo wetu kila kivumishi kinasikika kimesimama peke yake. Matokeo yake ni lebo kama hii juu ya kigoda:

"a small, black, Makonde, stool"

Mikato mitatu, na hakuna hata mmoja unaohitajika. Wa mwisho ndio mbaya kuliko yote. Kivumishi cha mwisho katika msururu hakitengwi na nomino yake kwa mkato, hata msururu uwe mrefu kiasi gani. Lebo safi ni "a small black Makonde stool".

Pumzi usiitupe kabisa, lakini. Ina kazi yake kwenye vielezi vinavyoanza sentensi, nako tutafika.

Kuchomeka "and"

Chomeka "and" kati ya vivumishi viwili. Kiingereza kikikubali, weka mkato. Kikikataa, acha. "A long and dusty road" inakubalika, basi "a long, dusty road". "A small and Makonde stool" haisemwi, basi hakuna mkato.

Uzuri wake ni wepesi. Unaweza kukifanya kichwani huku unaandika, na walimu wengi hukianza nacho. Udhaifu wake ni kwamba kinamtaka mtu awe tayari na sikio la Kiingereza. Mwanafunzi wa Masasi akiulizwa kama "a big and wooden door" inakubalika, anaijibu kwa Kiswahili kichwani: mlango mkubwa na wa mbao, mbona sawa tu? Kiswahili kinapokea "na" mahali ambapo Kiingereza kinakataa, kwa hiyo kipimo kinampa jibu lisilo sahihi bila yeye kushtuka.

Rangi nazo zina utaratibu wake. Mbuzi mwenye madoa ni "a black and white goat". Hapo "and" inakaa, na haibadilishwi kuwa mkato, kwa sababu rangi zote mbili ziko kwenye mwili mmoja.

Kugeuza nafasi

Vibadilishe vivumishi nafasi, cha kwanza kiwe cha pili. Maana ikibaki na sentensi ikasimama, weka mkato. Ikiyumba, acha. "A dusty, long road" inasimama. "A Makonde small stool" inaanguka.

Ninakipendelea kwa sababu kinagusa kiini cha jambo. Katika "a long, dusty road" kila kivumishi kinakwenda moja kwa moja kwenye "road": barabara ni ndefu, barabara ina vumbi, na vivumishi ni vya daraja moja. Katika "a small Makonde stool", maneno "Makonde stool" yanaungana kwanza yakawa kitu kimoja, kigoda cha Kimakonde, halafu "small" inakieleza kitu hicho kizima. Vivumishi si vya daraja moja, na mkato ukiingia unavunja kilichokwisha kuungana. Ndiyo maana pia ngome waliyoijenga Wajerumani Mikindani mwaka 1895 ni "the old German fort", wala si "the old, German fort".

Tuchukue mfano wa korosho, maana hapo ndipo watu hukwama. Mtu wa Tandahimba anataka kuandika kwamba anauza korosho ghafi, safi na kavu. Anaandika:

"We can supply clean, dry, raw, cashew nuts."

Anza kwenye nomino, urudi kushoto neno kwa neno. "Cashew nuts" ni jina, haliguswi. "Raw cashew nuts" nalo ni jina la bidhaa sokoni. Linaitofautisha na korosho iliyobanguliwa, kwa hiyo "raw" hapa haisifii kitu, inataja aina. Sasa geuza "dry" na "raw" uone: "raw, dry cashew nuts". Jina la bidhaa limevunjika, na mnunuzi anaanza kujiuliza unauza nini. Mkato kati yao, basi, uondoke. Geuza "clean" na "dry": "dry, clean raw cashew nuts". Inasimama vizuri, mkato ubaki. Sentensi inayotoka ni hii:

"We can supply clean, dry raw cashew nuts."

Mkato mmoja tu. Maneno matano mbele ya macho ya mnunuzi, na anajua mawili ni sifa na matatu ni jina la mzigo. Jizoeze hasa kurudi kushoto ukianzia kwenye nomino. Ukianza kushoto kwenda kulia utaona orodha, na orodha inakushawishi kuweka mkato kila mahali.

Kugeuza nafasi nako kuna mpaka wake. Tazama sentensi hizi mbili za ghalani:

"The nuts were moved to another empty warehouse."

"The nuts were moved to another, empty warehouse."

Zote ni Kiingereza sahihi, lakini hazisemi jambo moja. Ya kwanza inasema korosho zilihamishiwa ghala jingine tupu, yaani hata lile la mwanzo lilikuwa tupu, na hapo msomaji atauliza korosho zilitoka wapi. Ya pili inasema zilihamishiwa ghala jingine, nalo lilikuwa tupu. La mwanzo huenda lilikuwa limejaa, na ndiyo sababu ya kuhamisha. "Another, smaller boat" ni vilevile: kwa mkato, mashua ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko hii. Bila mkato, kwamba nayo ilikuwa ndogo. Kwenye "another" na "the first" hakuna kipimo cha haraka. Jiulize tu kile kitu cha awali kilikuwa na sifa hiyo au hakikuwa nayo. Mtu anayeandika ripoti ya ghala akilijua hili, anaepusha maswali ya siku nzima.

Nambari na maneno kama "my", "these" na "some" hayana mjadala: hayafuatwi na mkato. "Three big boats", basi.

Ngazi ya vivumishi

Kiingereza hupanga vivumishi kwa mfuatano unaojulikana: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, malighafi, kisha matumizi, halafu nomino. Kipimo ni kwamba vivumishi vya vipandio tofauti vikifuata mpangilio havihitaji mkato, na vya kipandio kimoja vinahitaji. Nyumba ya mawe ya matumbawe Mikindani ni "a lovely old coral house": maoni, umri, malighafi, hakuna mkato. Nyumba ya wageni iliyotulia na yenye watu wakarimu ni "a quiet, friendly guest house": zote mbili ni maoni, mkato upo.

Kwa mwalimu, hiki ni hazina. Kinafundisha mkato na mpangilio kwa pamoja, na mpangilio huo Kiswahili hakiwezi kukuazima. Sisi tunaanza na nomino, kigoda kidogo cheusi cha Kimakonde, na upatanisho wa ngeli unashika kila kitu. Ukisema kigoda cheusi kidogo cha Kimakonde hakuna atakayekushangaa. Kwa Kiingereza, "a black small stool" inakera sikio mara moja.

Lakini ngazi haifiki kila mahali. "Dusty" iko kipandio gani? Ni hali, haina kipandio chake kwenye orodha ya kawaida, na bado "long, dusty" inataka mkato. Jingine ni kwamba mpangilio ukivunjwa, mkato huingia kuuokoa. Mbuyu mkubwa mzuri ni "a beautiful big baobab" bila mkato. Ukitanguliza ukubwa, ni "a big, beautiful baobab" kwa mkato, kwa sababu sasa vivumishi viwili vinasimama sambamba mbele ya nomino. Aliyekariri ngazi peke yake hapo anapotea. Aliyezoea kugeuza nafasi anauona mkato bila shida.

Tena ngazi inawashawishi watu kujaza vipandio vyote. Kule Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na mifupa mikubwa iliyotoka pale imesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin. Ukiandika kipeperushi cha Tendaguru, "a huge fossil bone" inatosha. "Fossil" inataja aina ya mfupa, haitengwi na mkato, na msomaji anaona mfupa. Ukiongeza "amazing", "ancient" na "brown", mkato ukipatia au ukikosea, hauoni tena. Vivumishi viwili, vikizidi sana vitatu.

Kielezi kilichovaa sura ya kivumishi

Hapa vipimo vya juu vinaweza kukudanganya, kwa sababu neno la kwanza si kivumishi. Kielezi kinachokieleza kivumishi hakitengwi nacho kwa mkato: "very hot day", "freshly roasted nuts". Namna ya kukitambua ni kufuta kivumishi cha pili. "Freshly nuts" haina maana, basi "freshly" ni kielezi, iache iungane na "roasted". Wala usiweke kistari baada ya kielezi kinachoishia na "ly". Kistari ni cha "well-dried nuts" na "hand-carved stool".

Ukiwa na kivumishi kikifuatwa na kielezi chenye kivumishi chake, mkato unakaa kabla ya kielezi: "clean, properly dried nuts". "Properly dried" ni pande moja, "clean" ni pande la pili, na unaweza kuzigeuza: "properly dried, clean nuts".

Yapo maneno yanayocheza pande zote mbili, na hapo mkato mmoja unabeba maana yote:

"a light blue khanga": khanga ya rangi ya samawati hafifu.

"a light, blue khanga": khanga nyepesi, na ni ya samawati.

Anayeuza kwa picha mtandaoni anaweza kusamehewa, maana rangi inaonekana. Anayeuza kwa maandishi matupu atatuma khanga nzito kwa mtu aliyetaka nyepesi. "A pretty old house" nayo ina utata: ni nyumba kuukuu kiasi, au nyumba nzuri ya zamani? Kama unaitangaza nyumba yako Mikindani na unataka maana ya pili, "a pretty, old house" inakulinda. Mimi ningelitupa "pretty" nikaandika "lovely", utata ukaisha bila kutegemea mkato.

Kielezi na sentensi nzima

Kwenye vielezi uchaguzi ni mwepesi zaidi. Uliza: kielezi kinaeleza tendo, au kinatoa neno la mwandishi juu ya sentensi nzima? Kikieleza tendo, mkato hauhitajiki. Kikiwa neno la mwandishi, mkato ni lazima.

"The nuts are dried naturally."

"The nuts are dried, naturally."

Ya kwanza inamwambia mnunuzi kwamba korosho zinakaushwa kwa njia ya asili, yaani juani. Ya pili inamwambia kwamba korosho zinakaushwa, bila shaka, jambo ambalo hakuuliza. Tofauti ni alama moja, na katika maelezo ya bidhaa inaweza kuwa tofauti ya unachoahidi. Vivyo hivyo "The chairman spoke frankly" inaeleza namna mwenyekiti alivyozungumza, kwa uwazi. "Frankly, the chairman spoke for too long" ni mwandishi anayesema wazi maoni yake.

Hapa ndipo pumzi inaporudi kutusaidia. Kiswahili nacho hutua baada ya "kwa bahati mbaya" na "hata hivyo" mwanzoni mwa sentensi, na Kiingereza hutua palepale: "Unfortunately, the boat was full." "However, we found another one." Kwa aina hii, fuata sikio lako la Kiswahili bila woga.

"However" peke yake inastahili uangalifu. Ikikaa kati ya sentensi mbili kamili, mkato mmoja kabla yake hautoshi. "The rain stopped, however, the road was closed" ni kosa ambalo hata walioajiriwa kwa Kiingereza chao hulifanya. Weka nukta au nukta mkato: "The rain stopped; however, the road was closed." Na ikimaanisha "hata kama ni kiasi gani", haifuatwi na mkato: "However hot the sun is, she dries the nuts outside."

Vielezi vifupi vya wakati havina ugomvi. "In 1331 Ibn Battuta visited Kilwa" na "In 1331, Ibn Battuta visited Kilwa" zote zinakubalika. Waandishi wa Uingereza huelekea kuuacha mkato huo, wa Marekani huelekea kuuweka. Ndivyo ilivyo na mkato kabla ya "and" ya mwisho katika orodha: "clean, dry and sorted" ni mtindo uliozoeleka Uingereza, "clean, dry, and sorted" Marekani. Shule zetu hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo mwanafunzi achague wa kwanza. Anayemwandikia mnunuzi wa Marekani anaweza kuchukua wa pili. Usichanganye yote mawili katika barua moja.

Kipi kwa nani

Mwanafunzi wa sekondari ashike kugeuza nafasi, na "and" iwe ya kuhakikisha. Vikikubaliana, aweke mkato. Vikipingana, aamini kugeuza. Mwalimu afundishe ngazi kwanza, ila asiifanye kuwa kipimo cha mkato pekee. Anayeandika lebo na barua za biashara aanze kwenye nomino arudi kushoto, akitenga jina la bidhaa na sifa zake, kisha apunguze vivumishi kabla hajaanza kuhangaika na alama.

Njia moja zaidi inawafaa wanaopenda sifa nyingi: zipeleke nyuma ya nomino, kama tunavyofanya siku zote kwa Kiswahili. Badala ya kurundika mbele ya "dhow", andika:

"The dhow, old and heavily loaded, turned back to Mikindani."

Mikato hapa ni miwili na inakwenda pamoja. Ukiweka wa kwanza baada ya "dhow" ukausahau wa pili baada ya "loaded", msomaji hajui sifa zimeishia wapi na tendo limeanzia wapi. Kabla hujatuma, itafute yote miwili kwa kidole.